Jembe Moja, Seva Mbili

Mwaka 2006 nililala ofisini siku nyingi kuliko nilizolala kwangu Majengo. Nilikuwa na godoro la inchi nne. Mchana nililikunja nyuma ya kabati la mafaili, usiku nililitandika kando ya seva. Ulikuwa mwaka wa mgao. Ukame ulikuwa umeshusha maji ya bwawa la Mtera, umeme ukawa unakatwa kwa zamu, na ratiba iliyotangazwa haikufuatwa kila siku. Kazi yangu ya usiku ilikuwa moja tu: umeme ukikatika niamke, niizime seva kwa utaratibu kabla betri ya UPS haijaisha, nisubiri umeme urudi, niiwashe. UPS ile ilibeba dakika kumi na mbili. Usingizi ukinizidi, seva inazimika ghafla, na hifadhidata inayozimika ikiwa katikati ya kuandika utaikuta asubuhi ina majeraha.

Kampuni yenyewe ilikuwa ya biashara ya jumla, hapa Moshi mjini: soda, saruji, mabati, sukari, mafuta ya kula. Ghala lilikuwa nyuma ya ofisi, ng'ambo ya uwanja wa kupakilia malori, na tulikuwa na maduka nje ya mji, Himo, Mkuu Rombo na Sanya Juu. Kila kitu kilipita kwenye programu moja. Oda ya mteja, ankara, mzigo uliobaki stoo, deni la mwenye duka wa Marangu, mshahara wa utingo, vyote vilikuwa humo. Mfumo ukishuka, lori haliondoki, kwa sababu mlinzi wa geti haruhusu gari kutoka bila karatasi, na karatasi haitoki bila mfumo. Mtu aliyeteremka na daladala kutoka Mwika saa kumi na moja alfajiri, fedha amezifunga kwenye kanga, huwezi kumwambia arudi kesho kwa sababu mtandao hakuna. Tuliwaambia watu hivyo mara nyingi, na sura zao nazikumbuka.

Wakati ule niliamini kwamba usalama wa mfumo ni mashine imara yenye mlinzi. Mzee mwenye kampuni aliamini hivyo pia, na hakuwa bahili: alinunua seva ya bei, yenye pawasaplai mbili na diski zinazoandika kwa pamoja, moja ikifa nyingine inaendelea. Ndani ya sanduku lile vitu vyote vilikuwa viwiliviwili, isipokuwa kimoja. Ijumaa moja ya mwaka 2008 bodi mama iliungua. Diski zilikuwa nzima, pawasaplai nzima, data nzima, na hakuna hata herufi moja tuliyoweza kuisoma. Kipuri kilitoka Nairobi kupitia Namanga na kilichukua siku tisa. Siku tisa tuliandika ankara kwa mkono, karatasi na kaboni katikati, kama enzi za duka la ushirika. Hapo ndipo nilipoacha kutafuta mashine isiyokufa na kuanza kuuliza nini kitatokea ikifa.

Jibu lilikuwepo zamani, kwa wenye fedha. Kampuni ya Marekani ya Digital ilikuwa ikiunganisha kompyuta zake za VAX zifanye kazi kama moja tangu miaka ya 1980. Microsoft ilileta yake mwaka 1997, kwenye toleo la gharama la Windows NT. Zote zilidai kabati la diski la kushirikiana, na bei ya kabati hilo ingenunua lori. Kilichotufikia sisi wa Moshi kilikuja kwa njia nyingine. Alan Robertson na wenzake walikuwa wametengeneza programu huria ya Linux iitwayo Heartbeat, maana yake mapigo ya moyo. Na kijana wa Vienna, Philipp Reisner, alitengeneza DRBD, ambayo hunakili kila kinachoandikwa kwenye diski ya seva moja hadi kwenye diski ya seva ya pili, kwa kebo ya kawaida ya mtandao. Kabati la bei ya lori likawa halihitajiki. Mapema mwaka 2010 DRBD ikaingizwa rasmi ndani ya Linux yenyewe. Mkongo wa SEACOM ulikuwa umewashwa Dar es Salaam Julai 2009, na ingawa neema ile ilitufikia taratibu huku kwetu, tuliacha kupakua programu usiku kucha kwa dishi la setilaiti na kukuta asubuhi faili limeishia robo tatu.

Klasta ya kwanza, yaani seva zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, niliifunga mwaka huohuo wa 2010, kwa seva ile iliyofufuka na nyingine ya mtumba. Nieleze inavyofanya kazi, maana mengine yote yanategemea hapa. Seva moja iko zamu, nyingine ni ya akiba. Kila baada ya sekunde mbili zinaambiana "nipo". Ya akiba isiposikia sauti ya mwenzake kwa sekunde thelathini, inahesabu kwamba amekufa na inachukua zamu. Kuchukua zamu kuna hatua, na hatua hazirukwi: kwanza inashika diski, kisha inawasha hifadhidata, kisha programu ya biashara, na mwisho inajivika anwani ya IP ambayo kompyuta zote za ofisi zinaijua, ikitangaza kwenye mtandao kwamba anwani hii sasa iko kwangu. Ukiweka anwani kwanza, wateja wanagonga mlango wa nyumba ambayo haijaamka. Mpangilio wote huo, kwa toleo lile la zamani, ulikaa kwenye mstari mmoja wa faili la maandishi, na niliuandika upya mara ishirini na zaidi mpaka ukakubali.

Jaribio la kwanza tulifanya Jumamosi jioni baada ya kufunga. Nilichomoa waya wa umeme wa seva ya zamu, kwa mkono, mama mhasibu akiwa amefungua leja yake na mzee amesimama nyuma yake. Skrini ilisimama. Nikasikia feni za seva ya pili zikipandisha sauti. Baada ya sekunde hamsini na mbili leja ilirudi, mstari uleule, shilingi ileile. Ofisini tulikuja kuliita tukio hilo "kuhama", na mpaka leo vijana wanasema mfumo umehama. Mzee aliniangalia, akasema, "Kwa hiyo sasa unaweza kwenda kulala kwako." Usiku ule nililibeba godoro.

Nilikuwa nimefika, nilidhani. Seva mbili, UPS mbili, swichi mbili. Mwaka 2011 mgao mkali ulirudi, na klasta ikastahimili. Kilichotuangusha kilikuwa kingine kabisa. Jumapili moja alfajiri umeme ulizimika. Mlinzi akadhani ni mgao, akajua jenereta huwashwa mchana tu, akaendelea na lindo lake. UPS zote mbili ziliisha. Seva zote mbili zilizimika, moja dakika nne baada ya nyingine. Asubuhi tukakuta majirani wana umeme. Yuniti za Luku, umeme wetu wa kulipia kabla, zilikuwa zimeisha. Vyote viwili vyangu vilikunywa kwenye mita moja, na sikuwahi hata siku moja kuufuata ule waya kutoka nyuma ya seva mpaka ukutani, na kutoka ukutani mpaka kwenye mita.

Ghala lilikuwa na mita yake. Nikaihamisha seva ya pili huko, ng'ambo ya uwanja, nikaona nimepata faida mara mbili: mita tofauti, na jengo tofauti, hata paa likivuja au moto ukiwaka upande mmoja. Tulichimba mfereji uwanjani, tukalaza bomba la plastiki, tukapitisha kebo mbili ndani yake. Nyekundu ya mapigo na DRBD. Bluu ya mtandao wa ofisi, ambayo nayo ilibeba mapigo kama njia ya pili. Hapo nilikuwa nimepanda mbegu ya siku mbaya kuliko zote nilizowahi kuwa nazo kazini.

Jumamosi, tarehe 22 Desemba 2012. Anayeijua Moshi anajua wiki ile ya Krismasi ilivyo. Wachaga wanarudi nyumbani, kutoka Dar es Salaam, Mwanza, Arusha, Nairobi. Soko la Mbuyuni halipitiki, barabara ya Himo imejaa magari yenye magodoro juu, na kila mwenye duka mlimani anataka soda, bia na sukari, na mwingine anataka saruji mifuko thelathini amalizie nyumba ya mzee kabla wageni hawajafika. Malori yetu yalipanga foleni tangu saa kumi na mbili asubuhi.

Saa nne na dakika chache, vibarua waliokuwa wakizibua mtaro wa maji ya mvua uwanjani walipiga jembe kwenye lile bomba. Nyekundu na bluu zilikatika kwa pigo moja. Walifukia udongo wakaendelea na kazi. Hawakujua kilichomo, na sikuwa nimeweka alama yoyote juu yake.

Seva ya ofisini, iliyokuwa zamu, haikusikia tena sauti ya mwenzake. Ikahesabu amekufa, ikaendelea na kazi. Seva ya ghalani ikangoja sekunde thelathini, haikusikia kitu, ikahesabu amekufa, ikashika diski yake, ikawasha hifadhidata, ikajivika anwani. Kompyuta za ofisi zilikuwa kwenye swichi ya ofisi, zikaendelea kuhudumiwa na seva ya ofisi. Kompyuta za ghala zilikuwa kwenye swichi ya ghala, zikahudumiwa na seva ya ghala. Anwani moja, programu moja, majina yaleyale ya wateja. Hakuna skrini iliyoganda. Hakuna aliyenipigia simu. Jambo hilo linanitia hofu hata leo: kwa zaidi ya saa tatu, siku yenye mauzo makubwa kuliko zote za mwaka, kampuni ilikuwa na vitabu viwili vya hesabu vinavyotofautiana kila dakika, na kila aliyekuwa kazini aliona mambo yanakwenda vizuri.

Aliyegundua ni mlinzi wa geti, mzee wa makamo ya baba yangu. Alikuja ofisini saa saba na nusu mchana akiwa ameshika karatasi mbili, moja kila mkono, hakutaka kuzichanganya.

"Kijana wangu, hii namba moja, gari mbili. Nimtoe nani?"

Nilizipokea. Ankara mbili, namba moja, tarehe moja, nembo yetu juu. Moja ilikuwa ya kreti za soda kwenda Rombo. Nyingine ilikuwa ya saruji kwenda Marangu. Iliyoandikwa ofisini ilisema stoo bado ina saruji mifuko mia mbili. Ya ghalani ilijua imebaki arobaini. Sikuhitaji kufungua kompyuta. Nilitoka uwanjani, nikauona udongo mbichi.

Kebo zilipounganishwa tena jioni, DRBD ilikataa kuzikutanisha zile diski. Iliandika kwenye kumbukumbu zake kwamba ubongo umegawanyika, na kwamba haiwezi kuamua. Siku ile nilikasirika. Baadaye nilishukuru, kwa sababu ingeamua yenyewe ingefuta nusu ya siku kimyakimya. Hakuna kitufe cha kuchanganya historia mbili. Lazima mtu ataje upande mmoja utupwe. Mama mhasibu ndiye aliyesema tubakize ya ofisi, kwa kuwa ndiyo iliyopokea fedha za wateja. Tulichapisha kila kilichoandikwa ghalani, ankara themanini na sita, kisha nikaandika amri ya kuifuta data ya ghala, na mkono wangu ulikaa juu ya kibodi muda mrefu kabla ya kubonyeza.

Kisha tukaanza kuziingiza upya, watu watatu. Kilichotuokoa ni risiti za EFD, zile mashine za risiti za kielektroniki ambazo Mamlaka ya Mapato, TRA, ilianza kuzileta kwa wafanyabiashara mwaka 2010. Kila mashine ilikuwa na hesabu yake isiyorudi nyuma, moja ofisini, moja ghalani, na kwa kufuata saa iliyoandikwa kwenye karatasi zile nyembamba tuliweza kujua nani alitangulia kununua nini. Tulimaliza tarehe 24 saa mbili usiku. Kesho yake asubuhi nikapanda nyumbani, Kibosho.

Baba alikuwa chini ya migomba, upande ule mfongo, mfereji wa maji wa zamu, unapoingilia kihamba chetu, shamba la nyumbani. Aliniona nimechoka akauliza. Nikamweleza kwa kadiri ya uwezo wangu: mashine mbili, moja ikifa nyingine inashika, jana juzi zilishika zote mbili. Alisikiliza mpaka mwisho. Akauliza swali moja.

"Kule juu nani alifunga?"

Alikuwa akiongelea maji. Katika mfongo wetu, mtu akifikiwa na zamu hasubiri nyumbani kusikiliza kama maji ya jirani yamenyamaza. Anapanda mpaka kwenye maungio, anaziba mlango wa jirani kwa mkono wake, kwa udongo na vipande vya mgomba, ndipo anashuka kufungua wake. Nilikwenda naye mara nyingi nikiwa mtoto, nikishika taa. Ukimya wa maji haukuwa ushahidi wa kitu. Huenda yamekauka, huenda mtu ameyachepusha, huenda upepo tu umebadilika.

Nisiukuze mfano kupita kiasi. Maji yana heri moja ambayo data haina: yakienda shamba hili, hayapo shamba lile. Ankara inaweza kuwepo kote kuwili, kila moja na ukweli wake. Lakini swali la baba lilikuwa ndilo lenyewe, na nilikuwa nimelisoma kwenye maelekezo ya programu miaka miwili kabla, nikaliruka. Watengenezaji wa klasta waliliita kwa jina la kikatili, STONITH, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mpige mwenzio risasi ya kichwa. Seva ya akiba isiposikia sauti, kabla ya kugusa diski wala anwani, inaamuru umeme wa mwenzake ukatwe, na inangoja uthibitisho kwamba umekatwa. Isipopata uthibitisho, haichukui zamu. Inakaa hivyohivyo mpaka mtu afike. Wengi wanaoanza kazi hii huizima sehemu hiyo, kwa sababu klasta inagoma kuwaka mpaka uipange, na maagizo mengi yanayosambaa yanafundisha kuizima ili mambo yaende. Mimi niliizima. Siku hizi kijana akiniambia ameizima "kwa muda", naomba tukae chini kabla hajaondoka.

Mwaka 2013 nilianza upya, sasa na Pacemaker na Corosync, ambazo zilikuwa zimechukua nafasi ya Heartbeat. Tulichimba mfereji wa pili, upande wa ukuta wa kaskazini, mbali na ule wa kwanza, na safari hii tukaweka mkanda wa njano juu ya bomba kabla ya kufukia. Nilinunua vibao vya umeme vinavyopokea amri kupitia mtandao, nikaviweka kwenye njia yake yenyewe. Na bado haikutosha. Usiku mmoja swichi iliganda, seva zote mbili zikakosa kusikiana kwa sekunde ileile, kila moja ikamwamuru mwenzake akatwe umeme, na amri zote mbili zikatiiwa. Asubuhi tukakuta mashine mbili zimezimwa, kila moja na mwenzake. Dawa ya haraka ilikuwa kuzipa adabu ya kupishana: ya ofisini inafyatua mara moja, ya ghalani inangoja sekunde kumi na tano. Aliye hai baada ya hapo ndiye mwenye zamu.

Dawa ya kudumu ilikuwa mashine ya tatu. Kiswahili kina neno zuri ambalo wanachama wa ushirika wote huku wanalijua: akidi. Mkutano wa chama cha msingi hauamui kitu akidi isipotimia. Watu wawili wakigawanyika, hakuna wengi. Kila mmoja ni nusu. Mwaka 2017 niliweka kompyuta ndogo kwenye duka letu la Himo, isiyo na data yoyote ya biashara, kazi yake kupiga kura tu. Seva ya ofisini inaifikia kwa faiba, ya ghalani kwa modemu ya simu. Zikitengana, itakayopata kura ya Himo ina akidi na inaendelea. Itakayokosa inajizima yenyewe, ndani ya sekunde chache, kwa kifaa kidogo kwenye bodi ambacho kisipoguswa na mfumo mara kwa mara kinakata kila kitu. Kwa miaka kumi na zaidi nilikuwa nimefanya kazi ya kuzuia mashine isife. Sasa nilikuwa nakesha nikiandika mistari ya kuhakikisha inakufa upesi na kwa hakika, pale inapopaswa.

Mengine yaliyobadilika nitayataja kwa ufupi. Tuliachana na DRBD tulipobadilisha programu. Siku hizi ni hifadhidata yenyewe, PostgreSQL, inayopeleka kila badiliko kwa mwenzake. Kuna uamuzi mmoja hapo ambao mwenye biashara, si fundi, ndiye anayepaswa kuufanya: je, karani akibonyeza kuhifadhi, angoje mpaka seva ya pili iseme nimepokea, au aendelee tu? Akingoja, hakuna ankara itakayopotea mfumo ukihama, lakini njia kati ya seva ikilegea foleni dirishani inalegea nayo. Asipongoja, kazi inakimbia, na siku ya kuhama ankara mbili tatu za mwisho zinaweza kupotea. Tulimweleza mzee kwa namna hiyo, kwa kuhesabu watu kwenye foleni na ankara mkononi. Alisema wangoje. Kwa nakala ya Himo, iliyoongezwa baadaye kwa ajili ya janga kubwa, alisema isingoje.

Na tunafanya mazoezi. Kila miezi mitatu, Jumatano saa nne asubuhi, watu wakiwa kazini, tunachomoa kitu. Si kwa amri ya kompyuta, kwa mkono. Mara waya wa umeme, mara kebo ya kaskazini, mara modemu. Mzee alipinga mwanzoni, na namwelewa. Inahitaji moyo kuangusha kwa makusudi kitu kinachofanya kazi. Lakini katika mazoezi ya mwaka wa kwanza tulikuta seva ya ghalani haina leseni mpya ya programu ya mishahara, jambo ambalo tungelijua usiku wa mwisho wa mwezi.

Mwaka 2024 ulitupima mara mbili ndani ya wiki sita. Alfajiri ya tarehe 1 Aprili, Jumatatu ya Pasaka, gridi ya taifa ilipata hitilafu na nchi karibu nzima ikawa gizani. Nilikuwa kitandani kwangu. Asubuhi nilisoma kwenye kumbukumbu za mfumo kwamba jenereta, ambayo sasa hujiwasha, ilishika, UPS zilivuka pengo, na hakuna kilichohama kwa sababu hakukuwa na haja.

Halafu Jumapili ya tarehe 12 Mei, kebo za baharini za SEACOM na EASSy zilikatika zote mbili, kwenye pwani ya Afrika Kusini, kaskazini ya Durban, na intaneti ikadhoofika Tanzania na nchi jirani kwa siku kadhaa. Sisi tuliendelea kuuza, kwa kuwa seva zetu ziko hapahapa na njia ya kwenda Himo haipiti baharini. Lakini sikufurahi. Niliangalia ramani ya kebo zile mbili, kampuni mbili tofauti, majina mawili tofauti, zikipita karibukaribu mahali pamoja, na nikaiona nyekundu na bluu ndani ya bomba moja.

Ndugu msomaji, ikiwa una seva mbili, au jenereta mbili, au laini mbili za intaneti kwenye hospitali, shule au duka lako, nakuomba usimwamini fundi kwa mchoro wake, hata fundi huyo akiwa mimi. Kesho asubuhi zifuate nyaya zake kwa miguu yako, kutoka nyuma ya mashine mpaka ukutani, mpaka kwenye mita, mpaka nje ya uzio, na popote utakapozikuta mbili zimelala pamoja, simama hapo ukachimbe mfereji wa pili.